Mipira ya Nyuma ya Motokaa ya Mama

Motokaa ya marehemu baba ilikaa juu ya mawe manne kwa miaka mitatu, na kwa miaka hiyo mitatu ilifanya kazi nyingi kuliko ilipokuwa ikitembea. Kuku walitagia kiti cha nyuma. Mama alianika maharage juu ya paa. Mipira yake ya zamani ilikwisha kitambo. Majirani waliikata viatu, mwanzo kwa kuomba, halafu bila kuomba, hata ukisimama kando ya njia iendayo Tunduma ungeweza kumtazama mtu akipita ukasema huyu amevaa gurudumu la mbele la kulia.

Baba aliipata kwa Mzungu mmoja wa kahawa kule Mbozi. Alikuwa dereva wake miaka mingi, na Mzungu alipofunga safari ya kurudi kwao alimwachia gari badala ya kumwachia neno. Baba akaiendesha mwaka mmoja, akafariki. Mama hajui kuendesha na hana safari ya kwenda popote. Lakini kiti cha mbele kilikuwa kimebonyea pale alipokuwa akikaa baba, na mama alikuwa akipapangusa kila Jumamosi, pale tu, kuku wakimtazama kutoka nyuma.

Mwenye kulitaka gari hilo alikuwa baba mdogo. Yeye anakaa bondeni, Kamsamba, ana mpunga, ana ng'ombe, na ana sauti. Katika kikao cha ukoo alisimama akasema, "Gari lisilotembea si gari, ni chuma. Na chuma cha marehemu ni cha ukoo."

Mzee mmoja wa kanisa, aliyealikwa ili pasiwe na matusi, akamwomba ampe mjane muda. Baba mdogo akampa, tena kwa ukarimu mkubwa, kwa kuwa aliona haiwezekani. "Haya. Mavuno yakiisha, Jumamosi ya kwanza, nitakuja. Kama gari hili litambeba mke wa kaka yangu mwenyewe, akiwa ndani, likamfikisha kanisani na kumrudisha, ni lake mpaka afe. Kama halikumbeba, nimekuja na maksai. Nitalivuta mpaka Kamsamba."

"Na huko utalifanyia nini?" mama akamwuliza.

"Nitalitengeneza."

"Nani Kamsamba anajua kutengeneza gari?"

"Tutajifunza," akasema baba mdogo.

Nilirudi likizo kutoka shule ya bweni wakati uwele umekwisha kuvunwa. Nilikuwa darasa la tisa. Katika ripoti yangu mwalimu alikuwa ameandika kwamba nina akili ya kutosha ila sauti yangu haijawahi kufika mstari wa pili wa madawati. Mama alisomewa ripoti hiyo na mchungaji, akaikunja, akasema, "Vizuri. Utakuwa mdomo wangu."

Lazima nieleze. Dada yangu ameolewa ng'ambo ya mpaka, upande wa Rodesia ya Kaskazini, si mbali. Ukipiga kelele asubuhi na upepo ukiwa mzuri anaweza kukusikia. Mume wake alikuwa makanika migodini, akarudi na sanduku la spana na kikohozi. Katika jamaa zetu zote hakuna mwingine anayejua gari. Na kwetu mkwe hamwoni mama mkwe wake. Hawatazamani, hawasemeshani, hawali pamoja, wala mmoja hataji jina la mwingine wala jambo lolote la mwili wake. Huyu akija kwa njia hii, yule anaingia kichakani. Wala si ugomvi. Ni heshima, na heshima ya kwetu inachosha miguu.

Basi shemeji alikuja kila siku kwa baiskeli, akaitengeneza mashine ya gari uani kwa mama, na mama akakaa jikoni mlango ukiwa wazi nusu. Katikati ya hao wawili, hatua kumi huku na hatua kumi kule, nilisimama mimi, mtu ambaye shuleni huomba ruhusa ya kwenda chooni kwa kuinua kidole tu.

"Mke mdogo!" shemeji akaniita, maana ndivyo shemeji anavyoruhusiwa kuniudhi. "Mwambie mama mashine imekubali."

Nikaenda jikoni. "Mama, mashine imekubali."

"Nimesikia. Mwambie namshukuru."

Nikarudi. "Anakushukuru."

"Nimesikia," akasema shemeji.

Ndivyo tulivyofanya wiki nzima. Kila neno lilisikiwa na wote wawili mara mbili, na mimi ndiye niliyechoka.

Mashine ilinguruma vizuri juu ya mawe. Kuku walihama siku hiyohiyo. Yakabaki magurudumu. Shemeji alipima matundu ya nati kwa kamba yenye mafundo, akaenda nayo Mbozi na ng'ambo, na Jumatano akarudi na mkokoteni wa punda uliobeba magurudumu sita. Manne yalitoka katika pikapu iliyokufa shambani kwa Wazungu wa kahawa. Kati ya hayo manne, mawili yalikuwa na mipira ya kuridhisha na mawili yalikuwa na vipara, laini kama kichwa cha mzee wa kanisa, na viraka juu yake. Mawili ya mwisho yalitoka katika gari la jeshi lililoachwa ng'ambo baada ya vita. Marefu, meusi, yenye meno ya kina ambayo unaweza kutia kidole kizima.

Yale mawili mazuri ya pikapu yalikuwa ya mbele. Hapo hapakuwa na ubishi. Nyuma ndipo palipotaka uamuzi: vipara, au ya jeshi.

Shemeji akayaegemeza ukutani mwa ghala, akaenda akasimama nyuma ya ghala, akatazama shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa kana kwamba kuna kitu. Hapo mama akatoka jikoni kuchagua. Sikuwahi kumwona mama akichagua mpira wa gari, na nadhani yeye pia hakuwahi, lakini aliyachagua kama anavyochagua maboga. Aliyagonga kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Akabonyeza kwa gumba. Akainama akanusa. Kipara kimoja akakitemea mate kidogo, akakisugua, akatikisa kichwa. Alipofika kwenye yale ya jeshi akatia kidole katika jino moja, kisha akasimama mikono kiunoni, na nikaona uso wake ukibadilika kama siku mchungaji alipomsifu mbele ya watu.

Akarudi jikoni. Shemeji akatoka nyuma ya ghala.

"Mke mdogo, sikiliza vizuri," akasema, na safari hii alishusha sauti hata mimi nikalazimika kusogea. "Mwambie mimi nashauri vipara. Ni maili mbili tu kwenda, mbili kurudi, vitafika. Haya ya jeshi yanaingia, matundu yanakubali, lakini ni marefu. Springi za nyuma zimechoka. Nimepima: kati ya mpira na bati la juu vinabaki vidole vitatu. Gari likiwa tupu ni sawa. Akikaa yeye nyuma, vidole vitatu vinakwisha. Mpira utakula bati. Basi, ama vipara, ama anipe siku mbili nikatafute jani la springi. Mwambie hivyohivyo. Umesikia?"

Nilisikia. Shida yangu ilianza nilipogeuka.

Mtu asidhani niliogopa kumwambia mama ni mzito. Mama anajivunia uzito wake, aliponitembelea shuleni wasichana wenzangu walisema, "Kwenu mnakula." Nilichoogopa ni kwamba maneno yale yalitoka kwa mkwe wake. Alikuwa ameupima mwili wa mama mkwe wake kwa vidole vitatu! Kama ningeyasema yalivyo, ingekuwa ni mkwe ametaja kilichokatazwa, nami ndiye niliyekileta mezani. Nilijaribu kuyageuza njiani. Hatua kumi ni chache mno kwa kazi hiyo.

"Anasemaje?" mama akauliza.

"Anasema... umependa yapi?"

"Anauliza? Yale yenye meno. Vipara ndivyo anavyotaka kuviona baba yako mdogo. Nikifika kanisani juu ya viraka atasema nimeombaomba."

Nikarudi. "Amependa yenye meno."

"Umemwambia la springi?"

"Ndiyo."

"Akasemaje?"

"Amesema ni sawa."

Hilo "ni sawa" nililitunga mwenyewe, bila msaada wa mtu. Shemeji alinitazama muda, akainua mabega, akachukua spana. Pengine aliona kwamba mama ameamua kutopanda nyuma, au ameamua kufunga kula mpaka Jumamosi. Kuuliza zaidi asingeweza. Hata hapo alikuwa amekwisha kusema mengi kuliko mkwe anavyopaswa.

Alhamisi magurudumu yakafungwa. Nyuma ya gari ikapanda juu na mbele ikashuka, likawa kama ng'ombe anayetaka kunywa maji. Majirani walikuja kutazama. Mmoja alisema limekuwa la kijeshi. Mwingine akasema hapana, linasujudu. Mama alilipenda. Usiku ule alileta jambo ambalo alikuwa amelifikiri siku nyingi, yaani kwamba dereva ni mkwe wake na abiria ni yeye, na gari ni moja. Akatoa shuka ya kitanda, ile ya maua, akanituma nimwambie shemeji aifunge kati ya kiti cha mbele na cha nyuma, toka juu mpaka chini. Shemeji akaifunga Ijumaa kwa misumari midogo. Akasema amewahi kuendesha magari mengi migodini lakini hili ni la kwanza kuwa na chumba cha kulala.

Jumamosi baba mdogo alifika kabla ya jua kuwa kali, na maksai sita, minyororo, vijana wawili, na mzee wa kanisa ambaye walimpitia njiani awe shahidi. Alipoliona gari limesimama kwa miguu yake aliwasimamisha maksai. Akalizunguka. Akapiga teke mpira wa nyuma wa jeshi, na mpira haukujali.

"Haya," akasema. "Na apande."

Shemeji alikuwa tayari kwenye usukani, shingo imenyooka kama mtu anayepigwa picha. Mama akatoka amevaa gauni lake la kanisani, akapanda nyuma, na mimi nikapanda kando yake kwa kuwa mdomo hauwezi kubaki nyumbani. Nilisikia springi zikisema kitu. Nikaviona vile vidole vitatu katika akili yangu, kimoja kimoja, vikikunjwa.

Gari likaondoka. Watu wakapiga vigelegele. Mama akanishika goti. Tulikuwa hatujafika kwenye mti wa mparachichi wa jirani nilipoanza kusikia sauti kama ya mtu anayesaga nafaka kwa hasira, kisha harufu, kisha moshi ukaingia kupitia sakafuni, wa bluu. Shemeji akafunga breki. Kwa mbali nyuma yetu nilisikia minyororo ikicheza: baba mdogo alikuwa anakuja na maksai, bila haraka.

"Hata gari lenyewe limekataa!" akasema kwa furaha, akapunga moshi kwa kofia. "Mke wa kaka, shuka tu. Umejaribu. Watu wameona umejaribu."

Shemeji, macho mbele, akasema, "Mke mdogo, nilikwambia umwambie nini?"

Mama, nyuma ya maua ya shuka, akanigeukia. "Alikwambia uniambie nini?"

Nje walikuwa wamekusanyika watu kama thelathini, na wote walitega masikio, kwa sababu watu wa kwetu husikiliza vizuri wakati usiofaa. Nilijaribu kunong'ona. Mama akasema, "Sikusikii." Nikajaribu tena. "Sikusikii, mwanangu, sema!"

Basi nikasema. Sijui sauti ile ilikuwa imekaa wapi miaka yote. "Alisema ukikaa nyuma mpira utakula bati! Alisema vipara ni bora! Alipima vidole vitatu! Mimi ndiye niliyesema ni sawa, wewe hukusema, niliona aibu!"

Ilifika mstari wa pili wa madawati na wa kumi, ikafika kwa jirani, na nina hakika dada yangu ng'ambo aliinua kichwa. Mtu mmoja akamwita mama yake, "Mayo!" Halafu wakacheka. Walicheka mpaka maksai wakageuza shingo. Shemeji alijiinamia juu ya usukani, mabega yakitetemeka, nami sikujua ni kwa aibu au kwa nini.

Mama hakucheka, wala hakunipiga. Alikaa akafikiri, moshi ukimzunguka. Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei, "Mbele je? Mbele springi zikoje?"

"Shemeji, mbele springi zikoje?"

"Nzima," akasema shemeji kabla hajajua anaulizwa nini. Halafu akajua. "Mke mdogo, mwambie... hapana. Mwambie haiwezekani. Hakuna pa kukaa mbele. Mimi niko mbele."

Mama alikwisha kushuka. Aling'oa ile shuka ya maua kwa mkono mmoja, misumari ikaruka, akajitanda toka kichwani mpaka miguuni, hata kidole hakikuonekana, akazunguka gari akipapasa kwa mkono, akafungua mlango wa mbele, akaketi. Kiti cha mbele cha gari lile ni kimoja, kirefu, kama benchi. Shemeji alijibana mpaka bega lake la kulia likawa nje ya dirisha. Aligeuza uso huko huko nje, akabaki akitazama shamba la watu.

"Mwambie aendeshe," ikasema shuka.

"Shemeji, uendeshe."

"Nitaendeshaje? Siwezi kutazama upande wa kushoto!"

"Mwambie wewe utatazama," ikasema shuka.

Tukaenda hivyo. Shemeji alitazama nusu ya barabara, ile ya kulia, na mimi nikaning'inia kutoka kiti cha nyuma nikamtazamia nusu nyingine. "Mbuzi kushoto! Shimo! Shimo lingine! Mama mwenye ndoo! Sogea kulia, shemeji, sogea, basi!" Nyuma, kwa kuwa nilikuwa peke yangu na mimi si mzito, mpira wa jeshi haukugusa kitu. Baba mdogo alitufuata kwa miguu akikimbia, na mzee wa kanisa kwenye baiskeli ya shemeji. Kanisani tulizunguka kengele mara moja. Watoto wa kwaya waliokuwa wakifanya mazoezi walitoka nje wakaona mtu aliyefunikwa kama maiti ameketi mbele, dereva aliyetoa kichwa nje, na mimi napiga kelele. Wawili walikimbilia ndani.

Tuliporudi nyumbani baba mdogo alikuwa amekwisha kupata hoja njiani. Alifika akihema, jasho linamtiririka, akainua fimbo.

"Hilo ni kosa! Mama mkwe na mkwe kiti kimoja! Wazee wangu hawajaona jambo hilo toka waliposhuka duniani. Mbuzi! Nataka mbuzi wa kutakasa ukoo, leo hii, mimi ndiye mkubwa wa ukoo!"

Mzee wa kanisa akatikisa kichwa kukubali. Mila ni mila, akasema, na mbuzi ni haki yake.

"Nitatoa," ikasema shuka. Mama hakuwa ameshuka bado. Na kwa kuwa baba mdogo si mkwe wake, aliweza kumsemesha mwenyewe bila mimi. "Mbuzi yuko pale amefungwa. Lakini useme mbele ya shahidi, ni wa kosa gani?"

"La kuketi na mkweo!"

"Wapi?"

"Ndani ya gari!"

"Nimeketi naye tu ndani ya gari? Hapa uani?"

"Uani wapi! Toka hapa mpaka kanisani na kurudi! Nimekimbia nyuma yenu mwenyewe, mapafu yananiuma!"

Mzee wa kanisa alishusha macho akaanza kupangusa miwani, na aliipangusa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Niliona maneno yakimrudia baba mdogo polepole usoni. Alimtazama mbuzi. Alilitazama gari. Angekataa kwamba lilitembea, mbuzi angebaki. Alikuwa mbuzi mzuri, dume, mweusi, na maili za kurudi Kamsamba zilikuwa nyingi kwa mtu anayerudi mikono mitupu.

Alimchukua mbuzi.

Alipoondoka, maksai mbele na minyororo mitupu ikiburuzwa, watu wakaanza kutawanyika. Mama hakushuka. Kushuka kungekuwa kuonekana na watu tena ndani ya shuka, na shemeji hakuweza kushuka upande wake kwa kuwa mlango wake ulikuwa umekwama tangu enzi za Mzungu. Wakabaki wote wawili kwenye benchi lile, shuka moja na mgongo mmoja, wakingoja ua uwe mtupu. Mimi nyuma yao. Koo liliniuma.

"Mwanangu," mama akasema. "Mwambie hayo ya jeshi ayatoe. Ni mabaya. Afunge vipara. Mwambie na yeye alikosea kunipima kwa vidole, ila alipima sawasawa."

Nikayasema yote, hata ya vidole.

Shemeji, uso nje, akasema, "Mwambie nimesikia."

"Amesikia, mama."

"Najua amesikia, nimeketi naye," akasema mama. "Mwulize atayatoa lini."